Spider-Man: kwa nini anapiga mzaha katikati ya hatari

Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, sura ya Spider-Man haikosekani: iko juu ya mifuko ya shule, juu ya tisheti za watoto, na kwenye vyumba vya kuonyesha filme. Watoto wanamjua juu ya kuruka na kutupa nyuzi. Lakini mbele ya filme, alikuwa mtu wa vitabu vya michoro, vile tunaita BD, na vitabu hivyo vinatoka Marekani tangu mwaka wa 1962. Wale waliosoma zamani gazeti la Kifaransa Strange, lililochapishwa mjini Lyon na nyumba ya Lug kuanzia 1970, walimjua kwa jina la L'Araignée, maana yake Buibui.

Kuna jambo moja ambalo kila anayemfuata analitambua: huyu kijana anapenda mzaha. Anapigana na mtu anayetaka kumuua, na mdomo wake haunyamazi. Anamcheka adui kwa nguo zake, kwa jina lake, kwa sauti yake. Na bado hadithi yake ni kati ya hadithi zenye huzuni nyingi katika BD za Marekani. Namna gani waandishi wameweza kupika vitu hivyo viwili katika chungu kimoja kwa miaka zaidi ya 60? Na wapi chungu kiliungua?

Hadithi inaanza na kosa

Spider-Man alitokea mara ya kwanza katika gazeti Amazing Fantasy namba 15, lenye tarehe ya Agosti 1962. Maneno yaliandikwa na Stan Lee, michoro ikafanywa na Steve Ditko. Gazeti lilikuwa senti 12 za Marekani, na hadithi ilikuwa ya kurasa 11 tu.

Peter Parker ni mwanafunzi yatima wa mtaa wa Queens, mjini New York. Analelewa na Tonton Ben, ndugu ya baba yake, na Tante May. Shuleni anachekwa. Siku moja anaumwa na buibui aliyepitiwa na miale ya nyuklia, na kisha anapata nguvu. Kitu cha kwanza anachofanya na nguvu hizo ni kutafuta pesa: anaenda kupigana mieleka, anaonekana kwenye televisheni. Mwizi anapita mbele yake akikimbia. Peter angeweza kumzuia, lakini anasema si kazi yake. Siku chache baadaye mwizi yule yule anamuua Tonton Ben.

Huo njo msingi wa yote. Kijana huyu hakuwa shujaa juu alizaliwa mwema kuliko wengine. Anajua kwamba mtu mmoja alikufa kwa sababu yeye alijiona mkubwa. Hadithi inafunga kwa kusema kwamba mwenye nguvu nyingi anabeba pia mzigo mkubwa wa wajibu. Kwa hiyo kila mzaha unaofuata, kwa miaka yote, unakaa juu ya kaburi la Tonton Ben. Msomaji hasahau, hata wakati anacheka.

Maski isiyokuwa na mdomo

Katika mwaka wa 1962, mashujaa wengi wa BD walikuwa wanaonyesha uso, ao nusu ya uso. Ditko alifunika uso wote wa Spider-Man. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka kuficha sura ya kitoto ya Peter, na kuongeza siri.

Uamuzi huo ulileta tatizo na dawa yake pamoja. Tatizo: kama uso hauonekani, msomaji atajuaje kwamba shujaa anaogopa ao anafurahi? Dawa: mwili na maneno. Ditko alichora mwili uliokunjika, mabega yaliyoshuka, vidole vilivyokaza. Lee akaweka maneno mengi, na mengi kati yake yalikuwa mzaha.

Namna walivyofanya kazi ilisaidia. Kwa kawaida katika nyumba ya Marvel, mwandishi alitoa wazo kwa ufupi, mchoraji akachora hadithi nzima, kisha mwandishi akarudi kujaza maneno juu ya michoro. Kuanzia 1965 Ditko aliandikwa waziwazi kuwa mwenye kupanga hadithi. Basi mchoro unaonyesha kijana anayechoka, anayepigwa, anayekaribia kuanguka. Maneno juu ya kichwa chake yanasema kitu cha kuchekesha. Macho ya msomaji yanaona ukweli, na masikio yake yanasikia mzaha. Hapo njo mizani yenyewe: huzuni ilikaa ndani ya mchoro, kicheko kikakaa ndani ya maneno, na vyote viwili vikafika kwa msomaji kwa mara moja.

Mzaha huo una kazi. Kwanza unaficha woga. Pili unamkasirisha adui, na mtu mwenye hasira anakosea. Tatu, Peter bila maski ni kijana wa haya, asiyeweza kumjibu Flash Thompson, mwenzake wa shule anayemchokoza kila siku. Ndani ya maski anasema yote aliyoshindwa kusema. Na kichekesho kikubwa ni kwamba Flash huyo huyo anayemdharau Peter anampenda sana Spider-Man.

Shujaa asiyekuwa na pesa

Mzaha mwingine hautoki mdomoni mwake. Unatoka katika maisha. Katika Amazing Spider-Man namba 1, yenye tarehe ya Machi 1963, Spider-Man analipwa kwa cheki iliyoandikwa kwa jina la Spider-Man. Anaenda benki. Mfanyakazi wa benki anakataa: kila mtu anaweza kuvaa nguo kama hizo, kitambulisho kiko wapi? Msomaji anacheka, lakini nyumbani Tante May hana pesa ya kodi. Mtu yeyote aliyefanya kazi na kukosa kulipwa juu ya karatasi moja anaelewa kicheko hicho.

Kisha kuna J. Jonah Jameson, mkubwa wa gazeti la Daily Bugle. Anapiga kelele, anavuta sigara kubwa, na anamchukia Spider-Man kwa moyo wote. Peter anapata kazi ya kumuuzia picha za Spider-Man, picha anazojipiga mwenyewe. Kwa hiyo Jameson anamlipa, tena kidogo, mtu yule yule anayemchafulia jina. Ni kichekesho kilichodumu miaka mingi. Lakini tazama ndani: gazeti linalosema uongo juu ya mtu mwema linamfanya mji mzima umuogope. Kwa sisi wa redio, hilo halichekeshi sana.

Siku mzaha ulipokauka

Kama mtu anapiga mzaha kila siku, kunyamaza kwake kunakuwa habari. Waandishi wazuri wa Spider-Man waligundua jambo hilo mapema.

Katika namba 31 mpaka 33, kati ya mwisho wa 1965 na mwanzo wa 1966, Tante May yuko hospitalini, karibu kufa. Na sababu ni Peter mwenyewe: zamani alimpa damu yake, na damu hiyo ina miale ya nyuklia. Dawa inapatikana, lakini Doctor Octopus ameiiba. Katika namba 33, Spider-Man amelaliwa na mashine nzito ndani ya maficho yaliyo chini ya maji. Maji yanaanza kuingia. Dawa iko mbele yake, mkono haufiki.

Ditko alitumia kurasa kadhaa kuonyesha jambo moja tu: mtu anayejaribu kuinuka. Hakuna adui wa kuchekwa. Anamfikiria Tonton Ben, ambaye hakumuokoa, na Tante May, ambaye bado anaweza kumuokoa. Anapoinua mashine, mchoro unajaza karibu ukurasa mzima. Mpaka leo wasomaji wengi wanauhesabu kuwa kati ya kurasa bora za BD za mashujaa. Nguvu yake inatoka pia katika mamia ya mizaha iliyotangulia. Bila mizaha hiyo, kimya kile kingekuwa kimya cha kawaida.

Daraja

Mfano mkali zaidi ni wa mwaka wa 1973, namba 121. Mwandishi alikuwa Gerry Conway, kijana wa miaka 20. Mchoraji Gil Kane. Adui anayeitwa Green Goblin anamkamata Gwen Stacy, mchumba wa Peter, na kumpandisha juu ya daraja. Maneno yanasema ni daraja la George Washington, lakini mchoro unafanana na daraja la Brooklyn. Wasomaji wanabishana juu ya hilo mpaka leo.

Gwen anaangushwa. Spider-Man anatupa uzi, unamshika miguu mbele hajafika chini. Anafurahi. Anaanza kumvuta juu huku akijisifu na kupiga mzaha kuhusu uwezo wake, sawa na kawaida. Msomaji anafurahi naye. Kisha anamshika mikononi na kuona kwamba amekufa. Karibu na shingo yake, mchoraji ameweka neno dogo la sauti ya kitu kilichovunjika. Baadaye gazeti lilijibu katika ukurasa wa barua kwamba ule uzi, kwa kumsimamisha ghafla, njo ulimvunja shingo. Hata kichwa cha hadithi hakikuwekwa mwanzoni. Kiliandikwa kwenye ukurasa wa mwisho, ili msomaji asijue.

Hapa mzaha haukuwekwa ili kupunguza huzuni. Uliwekwa ili msomaji aingie katika huzuni bila kujikinga. Spider-Man alikuwa bado anajisifu kwa maiti. Kumbuka pia Tonton Ben: alikufa siku Peter alipojiona mkubwa. Sasa tena, katika dakika ya kujiona mkubwa, mtu mwingine amekwenda.

Kuna upande wa pili, katika namba 122. Mary Jane Watson alikuwa msichana wa starehe, wa kucheza na kucheka, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa mtu wa maana. Anakuja kumuona Peter katika majonzi. Peter anamfukuza kwa maneno makali: anamwambia kwamba yeye hawezi kusikitika hata mama yake mwenyewe akifa. Mary Jane anaenda mlangoni, machozi yanamtoka. Anasimama. Kisha anafunga mlango, na yeye anabaki ndani. Hadithi inaishia hapo. Kwa kitendo kimoja, bila hotuba, mtu wa kicheko anakuwa mtu wa kubaki na mwenzake. Miaka 14 baadaye, mwaka wa 1987, waandishi waliwaoza.

Mtoto aliyekusanya magazeti

Januari 1984, katika namba 248, Roger Stern na mchoraji Ron Frenz walitoa hadithi ya kurasa chache. Spider-Man anaingia usiku kwa dirisha la mtoto wa miaka tisa, Tim Harrison, anayempenda sana na anayekusanya kila habari juu yake. Wanaongea, wanataniana, Spider-Man anamsimulia alivyoanza, na kosa lake pia. Mtoto anamuomba amuonyeshe uso. Anatoa maski.

Mwishoni tu msomaji anaelewa: nyumba ile ni ya wagonjwa wa kansa, na Tim amebakiza wiki chache. Utani wote ule ulikuwa zawadi. Spider-Man alijua tangu mwanzo, sisi hatukujua.

Pale mizani ilipoinama

Si kila mara waandishi walifaulu. Mizani inaweza kuinama upande wowote.

Mwaka wa 1987, J. M. DeMatteis na mchoraji Mike Zeck walitoa hadithi ya mwindaji Kraven, katika vipande sita. Kraven anamzika Spider-Man akiwa hai kwa wiki mbili, kisha mwenyewe anajiua. Mzaha karibu hauko kabisa. Wengi wanaipenda hadithi hiyo, na sababu moja ni kwamba ilikuwa na mwisho. Ilikuwa usiku mmoja wa giza katika maisha ya mtu anayecheka.

Lakini kati ya 1994 na 1996 ikaja hadithi ndefu ya nakala ya Peter, iliyovutwa karibu miaka miwili juu mwanzoni iliuzwa vizuri. Tante May akafa katika namba 400 ya mwaka wa 1995, kisha waandishi wengine wakamrudisha. Peter akaambiwa kwamba labda yeye si yeye. Siri juu ya siri, maumivu juu ya maumivu. Wasomaji wengi walichoka. Huzuni ya kila siku inafanana na mzaha wa kila siku: baada ya muda haisikiki tena.

Upande mwingine, tazama Deadpool, mtu wa Marvel aliyeanza mwaka wa 1991. Yeye anajua kwamba ni mtu wa kitabu, anaongea na msomaji, na mwili wake unapona kila kidonda. Anachekesha sana. Lakini kwa sababu hafi, mzaha wake mara nyingi haumgharimu kitu. Spider-Man anatoka damu. Anachelewa kazini. Anafukuzwa nyumba. Mzaha wake una bei.

Wakati wa msiba wa kweli

Mwisho wa mwaka wa 2001, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba mjini New York, Marvel ilikuwa na swali gumu. Spider-Man ni mtoto wa mji huo. Angeweza kunyamaza? Angeweza kupiga mzaha? Mwandishi J. Michael Straczynski na mchoraji John Romita Jr. walitoa namba yenye jalada jeusi kabisa. Spider-Man anasimama juu ya mabomoko. Watu wanamuuliza alikuwa wapi. Hana jibu. Wanaofanya kazi ni wazima moto, polisi na watu wa kawaida. Yeye anasaidia tu.

Mzaha haumo. Lakini hata huzuni inaweza kukosea hatua: katika kurasa hizo Doctor Doom, adui aliyeua watu wengi katika hadithi, anaonekana akilia mbele ya mabomoko. Wasomaji wengi waliona hilo haliendi. Chozi lisilokuwa na sababu linaweza kuchekesha bila kutaka.

Mfano mwingine ni Jameson. Kwa miaka 54 alikuwa mtu wa kuchekwa. Mwaka wa 2017 mwandishi Chip Zdarsky, anayejulikana kwa vichekesho, aliwakalisha yeye na Spider-Man wakiongea usiku mmoja. Wanaanza kwa kutukanana, sawa na kawaida. Kisha mzee anavunjika: amepoteza mke wake, amepoteza kazi, na ile chuki njo kitu pekee kilichobaki mkononi. Spider-Man anatoa maski na kumuonyesha uso.

Filme na kijana Miles

Filme zilichukua mafunzo hayo. Katika ile ya Sam Raimi ya mwaka wa 2002, Jameson, aliyechezwa na J. K. Simmons, anachekesha kila anapofungua mdomo, na Tonton Ben anakufa barabarani. Mwaka wa 2018, katika filme ya Avengers iitwayo Infinity War, watu wengi wanageuka vumbi bila neno. Spider-Man wa Tom Holland, yule aliyekuwa anaropoka mizaha filme nzima, anasema hajisikii vizuri, na kwamba hataki kuondoka. Wengi hawakumbuki waliokufa wengine vizuri, huyu wanamkumbuka.

Miles Morales, aliyeumbwa mwaka wa 2011 na Brian Michael Bendis na Sara Pichelli, baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake anatoka Puerto Rico. Naye anapiga mzaha, naye anabeba kifo cha wapendwa. Maski imebadilisha mwenyewe, mizani ni ile ile.

Kwa kumaliza

Kwetu, anayekaa kilio mpaka usiku anajua saa ile ambapo mtu mmoja anaanza kusimulia vituko vya marehemu. Watu wanacheka, machozi yangali usoni. Hakuna anayesema kwamba wamekosa heshima, juu kila mtu aliyekaa pale anajua kwa nini wamekusanyika. Lakini akija mtu wa nje, asiyejua marehemu, aanze kupiga mizaha, atafukuzwa.

Waandishi wa Spider-Man walifaulu kila mara walipokumbuka kwamba huyu kijana ni mtu wa ndani ya kilio. Walikosea kila mara walipomfanya mchekeshaji tu, ao mwenye kulia tu. Basi mtoto wako akikuonyesha Spider-Man akimcheka adui, cheka naye. Kisha muulize kama anajua habari ya Tonton Ben.